Jiko la Kuchomea Hufia Chini na Viungoni

Chukua jiko la kuchomea nyama au samaki, linalong'aa dukani Nairobi, lipakie basi hadi Mokowe, livushe kwa boti ulitue uani Shela, kisiwani Lamu. Limeingia maisha mengine. Bara lingekaa nje miaka likafifia rangi tu. Hapa, kusi ikivuma, madoa ya kutu hutokea kwenye skrubu kabla mwenye jiko hajalizoea. Si lazima muuzaji awe amedanganya. Sifa alizozitaja ni za hewa nyingine.

Maongezi ya barazani huichanganya sana hoja hii ya jiko lipi hudumu pwani. Huyu anasema nunua stenlesi na umemaliza kazi, yule anasema hakuna linaloshinda pipa la fundi, mwingine anaapa kwa jiko la udongo la bibi yake. Wote wana nusu ya ukweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja anautazama mwili wa jiko, ilhali jiko la pwani haliharibiki mwilini kwanza. Huharibika pale ambapo chumvi, unyevu na majivu hukaa pamoja bila kuguswa: sakafuni, kwenye bawaba, kwenye maungio yaliyochomelewa kwa vituo, ndani ya miguu. Anayetaka kulinganisha majiko kwa haki aanze hapo, kisha ndipo aulize ni chuma gani.

Chumvi isiyokauka

Kutu ni chuma kuungana na oksijeni penye maji. Chumvi huiharakisha kazi hiyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza wengi wanaijua: maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, na kuota kutu ni shughuli ya umeme mdogo unaopita kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine. Ya pili husahauliwa. Chumvi huvuta unyevu hewani. Chumvi ya kawaida ya jikoni huanza kujiyeyusha yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75. Chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesi, na hiyo huanza kuvuta maji hewa ikiwa na unyevu wa kama asilimia 33 tu. Hewa ya Lamu ni nadra kuwa kavu kiasi hicho. Kwa hiyo jiko lililopigwa na rasharasha za mawimbi hubaki na utando mwembamba wa maji, hasa usiku, hata kama mvua haijanyesha wiki nzima.

Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9223, kinachoipanga hewa kwa namna inavyokula madini, kuanzia C1 hadi C5, na juu yake CX. Katika hewa ya C2, chuma cha kawaida hakipotezi zaidi ya mikroni 25 mwaka wa kwanza. Katika C5, ambako hewa za ufukweni zenye chumvi nyingi huangukia, hupoteza kati ya mikroni 80 na 200. Mikroni 1,000 ni milimita moja, na pipa la mafuta la lita 200 lina ukuta wa takriban milimita moja. Ukuta huo ukiliwa ndani na nje, hesabu yake kila mtu anaweza kuipiga.

Umbali kutoka kwenye mawimbi una uzito kuliko watu wanavyodhani. Ua ulio katikati ya Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, kuta ndefu zikiukinga, hupokea chumvi kidogo kuliko mgahawa wa Shela unaotazama bahari wazi. Jiko moja katika nyumba hizo mbili halitakuwa na umri mmoja.

Mpishi naye huongeza yake. Samaki wa kupaka hupakwa chumvi, ndimu, pengine ukwaju, kabla ya tui zito kumwagiwa juu. Kinachodondoka kinaangukia wavu na sakafu ya jiko, na tindikali ikichanganyika na chumvi hukila chuma kwa namna ambayo mvua tupu haiwezi.

Kisha kuna majivu, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Majivu ya mkaa na kuni yana chumvi za potasi, nazo pia huvuta unyevu. Yakiachwa chini ya jiko usiku kucha yanalowa bila mtu kumwaga tone la maji, na asubuhi chuma kimelalia tope lenye chumvi. Likiwashwa tena tope linakauka, usiku linalowa. Ndiyo maana utaona jiko ambalo kuta zake zina afya, mfuniko mzima, lakini ukilinyanyua sakafu inabaki chini.

Stenlesi si kitu kimoja

Chuma cha pua, ambacho madukani huitwa stenlesi, hakioti kutu kirahisi kwa sababu kina kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi huungana na oksijeni ikafanya utando mwembamba usioonekana, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutambua uwezo huo mwaka 1913. Lakini kloridi, yaani chumvi ya bahari, ndiyo adui mahsusi wa utando huu. Huutoboa mahali padogo padogo, na tundu likishaanza huchimba kwenda ndani huku juu pakionekana salama.

Hapo ndipo namba za stenlesi zinapokuwa muhimu. Aina ya 430 ina kromi ya asilimia 16 hadi 18 na haina nikeli ya kutajika. Ni rahisi kwa bei, na hutumika sana kwenye mifuniko na milango ya majiko ya gesi. Aina ya 304 ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama 8, na inavumilia zaidi. Aina ya 316 huongezewa molibdeni ya asilimia 2 hadi 3, na ni hiyo molibdeni inayoipa uwezo wa kusimama mbele ya chumvi. Vifaa vingi vya mashua za starehe hutengenezwa kwa 316. Kuna pia 201, ambayo sehemu ya nikeli imebadilishwa na manganisi ili bei ishuke. Dukani hung'aa sawasawa na 304, ila kwenye hewa ya bahari haifiki nayo mbali.

Watu hubeba sumaku. Ni wazo zuri lakini lina mpaka wake. Sumaku ikinata kwa nguvu, karibu hakika ni 430 au jamaa zake. Isiponata, inaweza kuwa 304, 316 au hiyo 201, na sumaku haiwezi kuzitofautisha. Hata 304 halisi hunata kidogo pale ilipokunjwa. Kwa hiyo muulize muuzaji namba, na uitake iandikwe kwenye risiti. Anayejua anachokiuza haoni taabu kuiandika.

Sasa twende viungoni. Bamba la 304 likifungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida, chumvi ikipita katikati yake, madini mawili tofauti hufanya betri. Chuma cha kawaida huliwa ili stenlesi ibaki, na skrubu ikiwa ndogo mbele ya bamba kubwa, huliwa kwa kasi zaidi. Mabaharia wa boti za injini wanalijua jambo hili vizuri: vile vipande vya zinki vinavyofungwa karibu na rafadha vimewekwa viliwe badala yake. Kwenye jiko hakuna aliyeweka zinki, hivyo skrubu ndiyo inayojitoa. Nimeona majiko ya bei kubwa mwili wake ukiwa kama mpya, mfuniko umelala pembeni kwa sababu bawaba zimekatika.

Kingine ni pale palipochomelewa. Joto la kuchomelea huacha mkanda wa buluu na kahawia kando ya mshono, na katika mkanda huo utando wa kromi umeharibika. Usiposafishwa hadi chuma kirudi rangi yake, kutu huanzia hapo. Mshono wenyewe uwe mrefu usiokatika. Fundi anayebana kwa vituo, nukta hapa nukta pale, anaacha mwanya kati ya mabamba mawili, na mwanya huo hunyonya maji ya chumvi usiweze kuyatoa tena. Pitisha kucha kwenye maungio kabla hujalipa.

Enameli, alumini na vizito vya kusubu

Jiko la mviringo lenye mfuniko, lile linalojulikana dunia nzima, lina asili inayompendeza mtu wa bahari. Mwaka 1952, George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi Weber Brothers Metal Works huko Chicago, alichukua vipande vya boya la chuma la kuongozea meli, akakifanya kimoja bakuli na kingine mfuniko. Majiko ya Weber ya umbo hilo leo ni chuma kilichopakwa enameli, yaani kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwenye joto la kama sentigredi 800. Kioo hakioti kutu, na enameli nzuri ni kinga bora kuliko rangi yoyote. Udhaifu wake unaonekana kwenye sahani na birika za zamani za nyumbani: ikibanduka kipande, pale palipobanduka panaliwa, na kutu hutambaa chini ya kioo kilichobaki. Jiko la enameli lataka mikono ya upole, hasa wakati wa kulishusha botini. Kagua ukingo, mahali mfuniko unapogongana na bakuli, na kila tundu la skrubu.

Alumini ya kusubu inastahili heshima kuliko inayopewa. Haina kutu nyekundu. Hujifunika utando wake wenyewe na kukaa. Alumini tupu huyeyuka kwenye sentigredi 660, kwa hiyo haifai kulaliwa na mkaa moja kwa moja, lakini kwa mwili wa jiko la gesi ni chaguo la busara pwani.

Chuma cha kusubu, kile kizito cha kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu, hushika joto vizuri na kumpa pweza alama nzuri za wavu. Kipakwe mafuta ya kupikia kikiwa na moto hadi kifanye ngozi nyeusi. Kisimwagiwe maji baridi kikiwa moto, maana kitapasuka.

Mabati ya zinki yasikaribie chakula na moto. Zinki huyeyuka kwenye kama sentigredi 419, na mkaa uliokolea hupita hapo. Moshi mweupe wa zinki humpa mtu homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Mafundi wanaochomelea mabati wanaifahamu. Waya wa kuku kama wavu wa mishkaki ni kosa kwa sababu hiyo hiyo. Rafu za friji kuukuu nazo ziachwe, kwani baadhi zimepakwa kadimi, ambayo ni sumu.

Pipa la fundi

Pipa lililokatwa katikati kwa urefu, likawekwa miguu na wavu wa nondo, ndilo jiko la biashara katika sehemu nyingi za pwani, na sioni aibu kulitetea. Bei yake ni ya watu wa kawaida, na likiharibika fundi yuko mtaa wa pili. Uimara una upande huo pia: jiko la nje ya nchi ambalo bomba lake la gesi lazima liagizwe na kusubiriwa miezi lina udhaifu ambao bamba la milimita tatu haliuondoi.

Ila pipa lichaguliwe. Lililobeba kemikali au dawa za shamba lisitumike hata likisafishwa vipi. Lililobeba mafuta ya kula ndilo salama zaidi. Pipa tupu lililokuwa na petroli au mafuta ya injini linaweza kulipuka likikatwa kwa moto, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ni hatari kuliko mafuta yenyewe. Na mapipa mengi yana rangi ya kinga ndani, ambayo lazima iunguzwe yote kwa moto mkali wa kuni, pawe peupe na pasiwe na watu, kabla samaki wa kwanza hajawekwa.

Ukienda kwa fundi, mwombe mambo ambayo hayaongezi gharama sana. Mkaa usilale sakafuni. Uwekwe wavu wa pili wa nondo, vidole vitatu au vinne juu ya sakafu, ili majivu yaanguke chini na moto upate hewa. Sakafu itobolewe matundu ya kutolea maji. Miguu iwe ya chuma cha pembe, kilicho wazi pande zote, badala ya bomba la mraba. Bomba lisilozibwa hujaa hewa ya chumvi na kuliwa kutoka ndani, usijue hadi jiko lianguke na moto wake. Wavu uachiwe nafasi ya kutanuka: nondo ya mita moja ikipata joto la sentigredi 300 zaidi hurefuka kama milimita 3.6, na chuma cha pua cha 304 hurefuka zaidi, kama milimita 5. Wavu uliobanwa ncha zote mbili lazima ujikunje au uivunje mishono yake. Rangi ya mafuta ya milango haifai kabisa, itafuka na kubanduka. Kuna rangi za kuhimili joto hadi kama sentigredi 600, na hata hizo ni za nje tu.

Unene wa bamba nao huleta mabishano. Kwa jiko la kuchomea tu, milimita mbili hadi tatu zinatosha. Kwa jiko la kupikia kwa moshi, lile lenye kisanduku cha moto pembeni na chumba cha nyama au samaki upande wa pili, unene ndio kila kitu, maana unataka joto litulie kati ya sentigredi 107 na 135 kwa saa nyingi. Bamba jembamba hupoteza joto kila upepo unapogeuka, na wakati wa kusi mpishi atashinda akilisha moto. Ndiyo maana yale mazuri hutengenezwa kwa bamba la milimita sita. Lakini bamba la milimita sita lina kilo 47 kwa kila mita mraba. Fikiria gati, boti, hamali, punda na vichochoro vya Lamu kabla hujatoa oda.

Udongo, na jiwe la matumbawe

Kama swali ni kutu pekee, udongo umeshinda zamani. Jiko la Kenya lenye kikombe cha udongo ndani ya bati, lililoenea kuanzia miaka ya 1980 likichukua wazo kutoka majiko ya Thailand, huonyesha jambo hilo wazi: bati la nje huisha, kikombe kikiwa bado kizima. Majiko makubwa ya kauri ya umbo la yai yanayouzwa ng'ambo ni ya ukoo huo huo. Kauri yake hushika joto la moshi kwa utulivu ambao chuma chembamba hakiwezi, na haijali chumvi. Kinachoharibika ni ukanda wa chuma na bawaba zinazobeba mfuniko mzito. Jiko kubwa la aina ya Big Green Egg lina uzito wa zaidi ya kilo 70, na likidondoka mara moja gatini, hadithi imekwisha.

Kwa anayebanika samaki kwa biashara ningemwambia aangalie mfano wa Ghana. Huko Chorkor, pembeni mwa Accra, kulitokea mwishoni mwa miaka ya 1960 tanuri la mstatili la udongo au matofali, lenye midomo ya kuni chini na trei za mbao zenye wavu zinazopangwa moja juu ya nyingine. Trei zenyewe ndizo zinakuwa bomba la moshi. Hakuna bawaba, hakuna skrubu, hakuna sakafu ya chuma. Kinachochakaa ni trei, na trei hutengenezwa na seremala yeyote. Ukilinganisha na chanja ya miti juu ya moto wazi, kuni hupungua na moshi hauendi machoni mwa mbanikaji. Kwa visiwa vyetu sijaona wazo linalofaa zaidi.

Kuna onyo moja kwa wanaojenga majiko ya uani. Mtu ana mawe ya matumbawe yaliyobaki kwenye ujenzi, anaona ajenge nayo pa kuchomea. Wazee waliotengeneza chokaa kwa kuyapanga mawe hayo hayo juu ya magogo na kuyachoma wanajua mwisho wake. Jiwe la matumbawe likipata moto wa kama sentigredi 800 au 900 huanza kugeuka chokaa, na hata kabla ya hapo hupasuka kwa unyevu ulio ndani. Ujenge nje kwa matumbawe ukipenda sura yake, lakini palipo na moto pawekwe matofali ya kuhimili moto, au udongo mnene. Saruji ikihitajika, mchanga usiwe wa ufukweni, maana chumvi yake itazifuata nondo zilizomo ndani.

Majiko ya gesi nitayapitia kwa ufupi, kwa kuwa ugonjwa wake mkuu ni mmoja: mabomba ya moto. Matundu yake huliwa na chumvi yakatanuka, moto ukawa mrefu huku na mfupi kule, na buibui hupenda kutaga ndani yake jiko likikaa bila kutumika. Uliza kama bomba ni la 304 au la chuma cha kusubu, na kama linatoka kwa skrubu moja au mbili ili lisafishwe. Kama halitoki, usilinunue.

Kwa jiko lolote la mkaa, majivu yatolewe siku hiyo hiyo yakishapoa, yasingojee mchuuzi arudi jioni ya kesho. Stenlesi ioshwe kwa maji matamu na kupanguswa, hasa isikoangaliwa: chini ya mfuniko, nyuma ya miguu. Yawe maji matamu kweli. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji ya mji, lakini si kila kisima kina maji hayo, na kuosha jiko kwa maji ya kisima cha magadi ni kuliongezea chumvi ile ile uliyotaka kuiondoa. Ya mvua yatafaa. Wavu wa chuma upakwe mafuta ya kula ungali na vuguvugu. Turubai lisilopitisha hewa lisifungwe hadi chini, litafungia mvuke ndani. Liachwe wazi kiganja kimoja pande zote. Na kabla ya kusi kuanza, bolti zilizo mbali na moto, za miguu na za magurudumu, zifunguliwe zote, zipakwe grisi, zirudishwe. Ile inayokataa kufunguka ikatwe sasa hivi na kubadilishwa.